Mbwa porini penye wanyama wakali: kamba ipi, kinga ipi?

Mbwa akimwona dubu kichakani hubweka, humkimbilia, kisha akitambua ukubwa wa alichokichokoza hugeuka na kutimua mbio. Anakimbilia wapi? Kwa mwenyewe, na dubu nyuma yake. Mtembezi ambaye angepita zake bila hata kuonwa, sasa ana sekunde chache mbele ya mnyama aliyekwisha pandwa na hasira. Mwaka 2016 Vincenzo Penteriani na wenzake walichapisha katika jarida la Scientific Reports uchambuzi wa mashambulizi ya wanyama wakubwa walao nyama katika nchi zilizoendelea. Karibu nusu ya mashambulizi ambayo mazingira yake yanajulikana yalichangiwa na mwenendo wa watu wenyewe, na kutembea na mbwa asiyefungwa kulikuwa kati ya makosa matano yaliyojirudia zaidi.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na kamba. Kopo la pilipili (dawa ya kupuliza inayowasha macho na pumzi za mnyama), honi na tochi vinafuata, kwa kuwa vyote vinahitaji mkono ulio huru na mbwa aliye mahali unapomjua. Asiye na hivyo viwili hata abebe duka zima, hakitamsaidia kitu.

Kamba

Kamba fupi isiyovutika, ya mita 1.5 hadi 1.8, ndiyo tunayoipendekeza kwa safari nyingi. Hifadhi za taifa za Marekani zinaporuhusu mbwa, kipimo cha juu ni futi 6, yaani hiyo hiyo mita 1.8, na kuna sababu yake: mbwa anabaki ndani ya upeo unaouona, na kwa mvuto mmoja yuko nyuma ya mguu wako. Kwa mbwa anayezidi kilo 20 chagua upana wa sentimita 2 hadi 2.5, maana kamba nyembamba hukata kiganja anapovuta kwa ghafla. Penye udhaifu si kamba, ni klipu. Ibonyeze kwa kidole gumba, iachie, utazame kama inarudi yenyewe mpaka mwisho. Mchanga na matope vikiingia kwenye springi yake, inabaki imefunguka kwa milimita mbili hivi ambazo huzioni, na pete ya mkanda inateleza kutoka siku usiyoitarajia. Ioshe kwa maji safi kila baada ya safari ya vumbi au ufukweni.

Namna ya kuishika nayo ina maana. Pitisha kitanzi kwenye kidole gumba, ufunge ngumi juu yake. Usiizungushe kamba kiganjani. Mbwa wa kilo 30 akiruka ghafla, vidole vilivyoviringwa kamba huvunjika, na ukianguka huwezi kujinasua.

Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 inamfaa mbwa anayetaka kunusanusa, mahali peupe ambapo unaona mita mia mbele na pembeni. Msituni ni balaa. Inanasa kwenye mizizi, inazunguka miti, na ukitaka kumvuta mbwa inabidi kwanza ukafungue fundo. Zaidi ya hapo, paka mkubwa anayevizia kando ya njia hahitaji mita kumi. Mbwa akiwa mbele yako umbali huo, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye kona. Ukiitumia, ifunge kwenye mkanda wa kifuani, kwenye pete ya mgongoni, kamwe si shingoni. Mbwa anayefika mwisho wa mita kumi akiwa kasi huumia shingo, na wewe unakwenda chini naye.

Kamba ya kujikunja ndani ya kishikio cha plastiki haifai porini, na hapa hatuna maneno mawili. Uzi wake mwembamba huunguza ngozi, breki yake hushindwa mbwa akiwa kasi, na kishikio kikikuponyoka hubamizabamiza mawe nyuma ya mbwa huku kikimfukuza. Hofu hiyo pekee inatosha kumpeleka kilomita mbili.

Mkanda wa kiunoni unaacha mikono yote miwili huru, na anayebeba kopo la pilipili anaipenda nafasi hiyo. Lakini chunguza mambo mawili kabla ya kununua. Kwanza, lazima uwe na kifungo cha kufyatua, unachoweza kukivuta kwa mkono mmoja hata kamba ikiwa imekaza kabisa. Vingine hufunguka vizuri kamba ikilegea tu, na hapo havina maana. Kijaribu kwa kuifunga kamba kwenye nguzo, uegemee nyuma kwa uzito wako wote, kisha uvute. Pili, angalia uzito. Mbwa anayefikia theluthi ya uzito wako atakuangusha kwenye mteremko, na mtu aliyelala chini mbele ya puma, paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, anaonekana windo kuliko aliyesimama.

Kisha kuna wale wanaosema, "Wangu ananisikia, nikimwita anarudi." Huenda ni kweli uani. Swali ni kama anarudi akiwa tayari anamkimbiza swala, mita sitini mbele, kwa wito mmoja. Kama hujawahi kulijaribu hilo, chukulia kwamba harudi. Kola ya GPS haibadilishi jambo, maana inakuonyesha alipo baada ya mambo kuharibika. Ufini na Uswidi, ambako mbwa wa kuwinda huachiwa huru mbali na mwenyewe, mbwa mwitu huua baadhi yao kila mwaka, na wengi wamevaa kola hizo.

Shingoni au kifuani?

Kifuani, ila si kila mkanda. Mbwa mwenye hofu hapigi mbio kwenda mbele. Hujivuta kinyumenyume, anainamisha kichwa, anakunja viwiko, na mkanda wa kawaida wenye mizunguko miwili unamtoka kichwani kama fulana. Hilo ndilo linalotokea hasa mbele ya mnyama mkali. Tafuta mkanda wenye mzunguko wa tatu unaopita nyuma ya mbavu, kwenye kiuno chembamba, na wenye kishikio imara mgongoni. Vidole viwili viingie kati ya mkanda na ngozi, visizidi. Jaribu nyumbani: simama mbele ya mbwa, vuta kamba taratibu kuelekea kwako huku anarudi nyuma, uone kama mabega yanapita.

Kishikio cha mgongoni si pambo. Mbwa mdogo, wa chini ya kilo 10, anatakiwa kunyanyuliwa mbele ya puma, chui au koyote (mnyama wa Amerika anayefanana na bweha), na kuinama ni kosa kwa sababu ukiinama unapungua urefu na kuionyesha shingo yako. Kanyaga kamba kwa mguu karibu na mbwa ili asiondoke, kunja magoti kidogo huku macho yakibaki kwa mnyama, shika kishikio, mpandishe hadi kifuani. Fanyeni zoezi hili mara ishirini mahali salama. Mbwa asiyezoea kunyanyuliwa hivyo hujinyonganyonga, na mayowe yake ndiyo yanayomnoa mwindaji.

Kopo la pilipili, honi, kengele au sauti yako?

Kwa dubu, kopo la pilipili ndilo lenye ushahidi. Uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska kati ya 1985 na 2006 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya watu waliokuwa na kopo hilo walipokutana na dubu kwa karibu walitoka bila jeraha. Kopo lililosajiliwa Marekani kwa ajili ya dubu lina kapsaisini (kemikali inayoifanya pilipili iwashe) na jamaa zake asilimia 1 hadi 2, na ujazo usiopungua gramu 225. Linatoa wingu linalofika mita saba na zaidi, na likibonyezwa mfululizo huisha kwa sekunde sita hadi tisa hivi. Kale kakopo ka kuning'iniza kwenye funguo, kilichotengenezwa dhidi ya vibaka, si mbadala wake: hakana wingu wala masafa.

Penye mbwa, kosa linalojirudia ni kumpulizia mbwa mwenyewe. Yuko mbele yako, anabweka, anaruka, na wingu linampata kabla halijamfikia dubu. Akishapata pilipili machoni anageuka kichaa cha dakika kumi, na umefungana naye. Kwa hiyo utaratibu ni huu, kwa anayetumia mkono wa kulia:

1. Kamba iwe kushoto. Ifupishe kwa kuiteleza mpaka mbwa awe nyuma ya mguu wako wa kushoto, si mbele.
2. Toa kopo kiunoni au kifuani. Likiwa ndani ya begi ni kama limebaki nyumbani.
3. Ondoa kifungio cha usalama kwa kidole gumba, ukikivuta kuelekea kwako.
4. Subiri mpaka dubu anayekujia awe kiasi cha mita 9 au 10. Elekeza chini kidogo ya kichwa chake, ili wingu liinuke mbele yake.
5. Bonyeza sekunde mbili. Tazama. Akizidi kuja, bonyeza tena, safari hii usoni.
6. Akigeuka, ondoka kinyumenyume na mbwa. Usibaki kutazama.

Upepo ukikupiga usoni, nusu ya dawa inarudi kwenu. Bado ni bora kuliko kutopuliza, ila sogea pembeni hatua mbili kama nafasi ipo. Presha ya kopo hupungua, ndiyo maana lina tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka mitatu au minne. Juu ya nyuzi joto 50 linaweza kupasuka, kwa hiyo usiliache ndani ya gari juani, na haliruhusiwi kwenye ndege. Kuna watu hulipuliza kwenye hema kama dawa ya mbu. Hilo ni kinyume kabisa, maana mabaki yaliyokauka huwavuta dubu kwa harufu. Angalia pia sheria ya unakokwenda. Uingereza, kwa mfano, kubeba dawa ya pilipili ni kosa la jinai.

Mbwa akipata pilipili, osha macho kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, bila kusugua. Manyoya yaoshwe kwa sabuni ya vyombo, kwa kuwa kapsaisini ni ya mafuta na maji matupu huitandaza tu.

Honi ya gesi inafaa mnyama akiwa bado mbali, mita hamsini au mia, hasa koyote, mbwa mwitu na fisi. Ina kasoro mbili. Baridi kali hupunguza presha ya gesi mpaka inatoa sauti ya bata, na mbwa asiyeizoea huogopa kuliko mnyama uliyemkusudia. Mzoeshe kidogo kidogo: mtu mwingine aipige akiwa mita mia, wewe umpe mbwa kipande cha nyama kila ikilia, kisha siku kwa siku apunguze umbali. Kamwe usiipige karibu na masikio yake.

Kengele ya mbwa? Inakusaidia kumjua mbwa alipo usiku, basi. Katika majaribio yaliyofanywa Alaska dubu hawakuzijali kengele, lakini mlio kama wa kijiti kinachovunjika uliwafanya wainue vichwa. Sauti ya binadamu ndiyo inayotambulika, na haina uzito kwenye begi. Ongea kwa nguvu, piga makofi kwenye kona, kando ya mito inayovuma, na upepo unapokujia usoni, kwa sababu hapo mnyama hawezi kukunusa mapema.

Chagua kulingana na utakayekutana naye

Dubu tumekwisha mzungumza kiasi. Ukimwona mbali, fupisha kamba, nyamazisha mbwa kama unaweza, rudi ulikotoka. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, hudai umbali wa yadi 100, kama mita 91, kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi kabisa kwenye njia za miguu za hifadhi hiyo. Dubu wa kahawia anayejihami akikufikia mwilini, kamba haina kazi tena: iachie, lala kifudifudi na begi mgongoni, miguu ikiwa imetanuka, mikono yote miwili ifunike shingo. Dubu mweusi wa Amerika akishambulia, usilale. Pigana naye kwa kulenga uso na pua.

Puma na chui ni habari nyingine, kwa sababu wao mbwa ni chakula. Huko Maharashtra, India, chui wanaoishi karibu na vijiji hula mbwa kuliko mnyama mwingine yeyote. Paka hawa hutokea nyuma au pembeni na kulenga kisogo, hivyo umbali kati yako na mbwa ndio unaoamua. Hapa kamba fupi inashinda kila kitu. Alfajiri na magharibi wana shughuli nyingi, basi panga kutoka jua likishapanda na kurudi kabla halijazama. Ukikutana naye usikimbie wala usimpe mgongo. Jitanue, paza sauti, tupa jiwe bila kuinama sana, pigana akikugusa.

Mbwa mwitu (yule wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, si yule wa Afrika mwenye mabaka) humwona mbwa wako kama mgeni aliyevamia himaya. Mkojo na kinyesi anachoacha njiani ni salamu ya ugomvi. Hatari huongezeka wakati wa kupandana, Januari hadi Machi, na kipindi cha watoto kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Mbwa wako jike akiwa katika siku za kutaka dume asipelekwe huko kabisa. Koyote ni mdogo, ila wakati wa watoto anaweza kumfuata mtembezi mwenye mbwa mita mia kadhaa, akisimama unaposimama. Wengi hudhani anawinda. Mara nyingi anawasindikiza tu mtoke karibu na pango. Msikimbie, mbwa mdogo mikononi, mkubwa kwenye kamba fupi, piga kelele ukirudi nyuma, nanyi mbadilishe njia.

Fisi madoa ni tatizo la usiku na la kambini, na mbwa aliyefungwa nje ya hema ni chakula kilichofungwa tayari.

Mamba hatishiki kwa kamba, honi wala pilipili, kwa kuwa humwoni. Queensland, Australia, watu wanaambiwa wakae angalau mita 5 kutoka ukingoni, na kwa mbwa hiyo ndiyo kamba ya maana: asinywe mtoni, asioge, asifuate kijiti majini. Mbebee maji. Kila kilo ya mbwa inataka kama mililita 50 hadi 60 kwa siku hata asipofanya kazi, na matembezi ya siku nzima kwenye joto yanaweza kuongeza mara mbili. Wa kilo 25 basi hubebewa lita mbili na nusu hadi tatu. Mamba akimkamata, usiingie majini kumfuata. Tunajua wengi wataingia. Usiingie.

Usiku: ndani au nje?

Ndani ya hema, pamoja nawe, kamba ikiwa imefungwa kwenye mkanda wake na mwisho wake uwe chini ya mwili wako. Wanaomfunga nje ili "alinde" husahau kwamba mlinzi aliyefungwa hawezi kupigana wala kukimbia. Ndani ya gari ni bora kuliko vyote, hali ya hewa ikiruhusu. Kilichobaki ni harufu. Chakula cha mbwa kina mafuta na kunukia kuliko chenu, na bakuli tupu linanuka vile vile. Weka vyote, pamoja na mifuko ya kinyesi, kwenye chombo kisichofunguliwa na dubu, kama mita 100 kutoka hema, au vining'inize mita 3 hadi 4 juu ya ardhi na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Akitaka kujisaidia usiku, mtoke wote wawili, tochi ya kichwani ikiwashwa na kuzungushwa kabla hujafungua zipu mpaka mwisho.

Kumwacha nyumbani

Hili nalo liwekwe mezani, maana pengine ndilo jibu. Hifadhi nyingi za taifa za Afrika haziruhusu mbwa, na sababu si kumlinda yeye peke yake. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa jamii ya mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Penye simba hakuna kamba wala kopo tunaloweza kulipendekeza. Mwache pia mbwa mzee anayebaki nyuma, mtoto wa chini ya mwaka asiyeshika amri, na yule asiyeacha kubweka anapoona kinachotembea. Kila anayekwenda awe na chanjo ya kichaa cha mbwa na distempa iliyo ndani ya muda wake.

Na mbwa aking'atwa hata kidogo, msihesabu matundu ya juu. Jino refu huacha tundu la ukubwa wa punje ya mchele, huku chini yake misuli imechanika na uchafu umeingia ndani. Kwa nje mbwa anatembea vizuri, siku ya pili jipu linaanza. Nyoa manyoya yanayozunguka kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15 ukiwa na glovu, usikifunge kwa kubana, umfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama chanjo yake haijaisha muda. Nawe uking'atwa, au mate ya mnyama yakigusa mchubuko wako, osha vivyo hivyo na uende hospitali bila kusubiri dalili, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona.